Kanga nne za Mtaa wa Uhuru: nimeangalia mchoro kwanza, jina baadae

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Duka zuri, mzee anayeuza muungwana, bei haiumi sana, na kwenye doti nne nilizochukua mbili ni kazi ya sanaa hasa, moja ina kasoro ila naipenda hivohivo na kasoro yake, ya nne ni ya kupendezea dukani tu, ukiifikisha nyumbani imeisha. Jina la duka silitaji kwasababu pale Uhuru, Kariakoo, maduka ya kanga yamepangana ukuta kwa ukuta na wengi mzigo wanautoa kwa walewale, kwahiyo haya ninayosema utayakuta hata ukiingia la jirani.

Sasa rivyu za kanga nyingi ninazoona ni rivyu za jina. Mtu anapiga picha ule mstari wa maneno, anaandika "hii inamhusu fulani", anaweka vikatuni vya kucheka, basi kamaliza. Wauzaji wa WhatsApp ndo kabisa, anakutumia picha imekatwa, unaona maneno na kipande cha rangi, mchoro wenyewe hujauona, ukimwambia dada naomba nione kanga nzima anakujibu "jina si umelisoma lakini". Mi jina nalipenda, msinielewe vibaya, nimekulia Tanga kwenye nyumba ambayo mashangazi walikuwa wanajibizana kwa kanga wiki nzima bila mtu kufungua mdomo, utamu wake naujua. Ila yale maneno yanakaa kwenye kijistari cha vidole viwili vitatu hivi, na kanga ina karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kitu. Hiyo sehemu nyingine yote ni mchoro. Kuna mtu alikaa chini akauchora, akapima, akachagua rangi tatu au nne maana kila rangi inayoongezwa ni gharama kiwandani, akahakikisha inapendeza ikiwa imetandazwa na inapendeza ikiwa imefungwa kiunoni, af jina lake haliandikwi popote. Jina la kampuni utaliona pembeni, namba ya dizaini saa nyingine utaiona, la mchoraji hamna. Halafu haohao sisi tunakaa tunasema Bongo watu hawana utamaduni wa kununua sanaa. Tunanunua kila sikukuu, tena tunaivaa.

Kwa asiyejua sehemu zake (wapo, msicheke, hasa vijana wa kiume): ule ukanda unaozunguka pande zote nne ndo pindo, katikati ndo mji, na maneno ndo jina, yanakaa upande mrefu juu kidogo ya pindo la chini. Zinauzwa mbili mbili zikiwa hazijakatwa, hiyo ndo doti. Wa jumla wanahesabu kwa korja, yaani ishirini ishirini, ila hiyo siyo habari yetu.

Nenda asubuhi. Siyo kwa ajili ya foleni tu, kwa ajili ya mwanga. Zile taa nyeupe za dukani zinadanganya vibaya mno, zambarau inawaka kuliko ilivyo na nyekundu inapauka, unaweza kurudi nyumbani ukadhani umebadilishiwa mzigo. Mi nilimwambia mzee, baada ya shikamoo yake, naomba niitoe hapo mlangoni niione kwa jua. "Marahaba mwanangu, itoe tu, kanga siyo siri." Kuna maduka mengine ukifungua umenunua, kanga imekunjwa na imebanwa na karatasi, unaambiwa angalia hapohapo juu, utaonaje mji sasa? Ukiambiwa hivo ondoka. Huwezi kununua picha iliyokunjwa mara nane. Huyu mzee anafungua, anatandaza kwenye meza, na kile kijana chake kinakunja tena bila kununa, au kama kinanuna kinanunia ndani kwa ndani.

Kijana naye lakini ana ugonjwa uleule. Kila ninayoigusa, "dada hii jina lake kali, chukua hii, hii imetoka wiki hii". Nikawa nazirudisha tu. Mzee akamwambia "muache, huyu anaangalia mji." Yaani hapo ningekuwa na hela ningenunua duka zima.

Haya, ya kwanza. Kisutu. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, hamna kingine. Kila mtu anaijua kwasababu haikosekani kwenye harusi za pwani, bi harusi lazima aipate, somo wake (yule mama anayemfunda) anajifunga, na wengi wetu tumeiona mara nyingi mpaka macho hayaioni tena. Hiyo ndo shida ya kitu kizuri kinachokaa karibu. Basi mi nakuomba siku moja itandaze sakafuni, simama kwa mbali kama hatua kumi, uiangalie kama vile hujawahi kuiona. Mji umejaa vimchoro vidogo vidogo vimepangwa mistari kwa mistari, vyekundu na vyeupe juu ya weusi, na kwa mbali ile nyeupe inayeyuka kwenye nyekundu unaona kama rangi ya nne ambayo haipo kabisa kwenye kitambaa, ni jicho lako linaitengeneza. Ukisogea inapotea, vinarudi kuwa vidoti. Ukirudi nyuma inarudi. Kwa rangi tatu! Kuna wachoraji wanahangaika na makopo ishirini hawapati hiyo. Af pindo lake ni zito, jeusi limebana, linaushika mji usimwagike. Mi nadhani ndo mchoro uliokaa sawasawa kuliko wote tulionao kwenye nguo, na nikisema hivo dada yangu ananiambia umezidi, ila yeye ananunua kwa jina, na hii niliyoichukua haina jina kabisa. Ndo swali lake la kwanza lilikuwa hilo, "mbona haisemi kitu?"

Inasema, ila siyo kwa herufi. Na hapa nitoke nje kidogo maana historia yenyewe ipo upande wangu. Kabla ya kanga, mwanamke maskini wa pwani na hasa aliyekuwa mtumwa alikuwa anavaa merikani, ile pamba ghafi isiyo na rangi, au kaniki, iliyotiwa rangi nzito ya giza. Huchagui, ndo unachopewa, na mtu akikuona tu anajua wewe ni nani. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 ndo hiki kitambaa cha marembo kikashika Zanzibar na Mombasa, mwanzoni wanawake walikuwa wananunua zile leso zenye mapambo zinazouzwa kwa urefu wake, wanakata vipande sita na kuviunga, tatu juu tatu chini, wanapata nguo moja, baadae wafanyabiashara wakashtuka wakaanza kuagiza ikiwa nzima, India, Uingereza, Uholanzi. Zanzibar utumwa ulipigwa marufuku kisheria 1897, na wanawake waliotoka utumwani waliachana na merikani na kaniki wakaingia kwenye kanga kwa nguvu zote. Fikiria hapo. Mtu ametoka kwenye hali ile, hela yake ya kwanza ya kwake mwenyewe, ananunua rangi. Ananunua mchoro. Wakati huo maneno hayapo bado! Majina yamekuja mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa kuyaanzisha ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, watu wakimuita Abdulla, na majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alama yake ya Mali ya Abdulla mpaka leo ukienda Mombasa mtaa wa Biashara unaikuta kwenye leso (wao wanasema leso, na usiwabishie, utakosa punguzo). Kwahiyo mchoro ulitangulia jina kwa miaka mingi tu. Nikiambiwa kanga bila jina siyo kanga huwa nacheka.

Kisutu hii nimeipata elfu kumi na tano, pamba tupu, na mzee ndo alinionyesha kwa kiberiti. Anachomoa uzi mmoja kwenye ncha ambayo haijapindwa, anauchoma. Pamba inaungua inanuka kama karatasi na majivu yanapukutika. Ikiwa ni poliesta inajikunja inayeyuka inabaki kijipunje kigumu. Wala hakuombwa, yeye mwenyewe tu, na alifanya hivohivo kwa zote nne hata ile ambayo jibu lake lilikuwa linamharibia biashara. Hapo ndo aliponipata.

Ya pili ni ya korosho. Bluu nzito na njano, na nyeupe kidogo ya kupumzishia macho. Ule mchoro wa korosho unaoujua, ulikuja kwetu na vitambaa vya Wahindi na kwao nao ulikuja kutoka Uajemi, huku umekuwa wa kwetu kabisa na hakuna anayeudai. Mji una korosho nne kubwa zimeinamia katikati kama wazee wanashauriana, na katikati pana ua moja siyo kubwa. Vizuri, ila hilo hata wachoraji wavivu wanaliweza. Mi nilipoinunua niliangalia kona.

Ukitaka kujua mchoraji wa kanga anajua kazi angalia kona za pindo. Pindo linatembea, tuseme vikorosho vimefuatana vinaelekea kulia, sasa vikifika mwisho lazima vikate kona vianze kushuka. Mvivu anakata tu, mstari wa juu unaugonga wa pembeni, kikorosho kimepasuliwa nusu, au anabandika kiboksi chenye ua kufunika aibu. Huyu wa kwangu amekipindisha kile cha kona, mkia wake umeinuka kidogo na kimekuwa kinene kuliko wenzake, kinapokea mwendo huku kinautoa kule, na kona zote nne ziko hivo. Nilikaa nimeiinamia mpaka kijana akauliza dada umeona imetoboka? Hapana mdogo wangu, nimeona mtu.

Na ukiivaa ndo unaelewa kwamba picha hii ilichorwa kwa ajili ya mwili, siyo kwa ajili ya ukuta. Ukijifunga kiunoni pindo la chini linazunguka juu ya miguu, linakuwa kama msingi, jina linakaa nyuma (ndo maana linasomwa na wale uliowapa mgongo), mji unajizungusha kwako na zile korosho kubwa moja inaangukia pajani nyingine nyuma, ukitembea zinaenda na kurudi. Ile ya pili ukijitanda, pindo linapita usoni linakuwa fremu, yaani uso wako ndo unakuwa mji. Kuna mwanamke mzuri duniani kuliko bibi wa pwani aliyejitanda kanga ya njano jua la saa kumi? Mtoto ukimbeba, mji unavutika mgongoni kwake, ua la katikati linamkaa palepale kwenye mgongo. Mtu aliyechora hii alikuwa anayajua yote hayo, alikuwa anaiona imefungwa wakati anaichora imelala. Picha nyingi za kwenye fremu hazina kazi ngumu kiasi hicho.

Jina lake, kwasababu najua mtauliza: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. La zamani, linajulikana, sina neno nalo. Elfu kumi na mbili.

Ya tatu hii ndo ya ubishi. Mananasi, kijani na nyeusi na njano. Kasoro yake ni kwamba rangi zimehama. Kwa wasiojua, kila rangi kwenye kanga inachapwa peke yake, ina skrini yake, kitambaa kinapita kinapigwa ya kwanza, kinapigwa ya pili, mpaka ziishe, sasa kikiteleza hata kidogo tu rangi haikai nyumbani kwake. Hapa njano imeruka nje ya mstari mweusi upande wa kushoto na upande wa kulia imebaki nafasi nyeupe kama uzi. Kila nanasi liko hivo. Mzee mwenyewe alinionyesha kabla sijasema, akapunguza elfu mbili, ikawa elfu kumi. Dada yangu akasema hiyo si reject. Sawa, ni reject. Ila iangalie kwa mbali uone: yale mananasi yanatetemeka. Ule weupe mwembamba unafanya kama jua limelipiga upande mmoja, na kwasababu yote yamehama upande uleule basi yote yanapata jua la upande uleule. Hakuna aliyekusudia, mashine imekosea, na imekosea vizuri. Ningekuwa natoa maksi za kiwandani ningeipa tano kwa kumi, kwa macho yangu ni nane. Tahadhari tu, usinunue iliyohama kwenye jina, herufi zinakuwa mbili mbili zinaumiza kichwa, na usinunue iliyohama kwenye pindo maana hapo mstari ndo kila kitu, ukipinda jicho linaona moja kwa moja. Kwenye matunda na maua inasameheka.

Kitu kingine kuhusu hii, mchoro wake umeacha nafasi. Siku hizi dizaini nyingi zinaogopa uwazi, kila sehemu imejazwa, ua juu ya ua, mistari, nyota, mpaka huoni kimoja. Hii ina mananasi matano tu na kijani kitupu kimetulia katikati yao. Zile za zamani alizokuwa nazo mama ndo zilikuwa hivo, kuku mmoja mkubwa kakaa kwenye mji wa rangi moja na hana wasiwasi.

Haya ya nne. Zambarau, mawaridi makubwa ya kivuli, yamechapwa kama picha ya kamera kabisa, unaona tone la umande kwenye jani. Imening'inizwa mlangoni, upepo unaipeperusha, kila anayepita anaishika. Niliichukua makusudi kabisa nione, maana sa hivi zimejaa na watu wanaziulizia. Uzi ulipochomwa ukajikunja ukawa kipunje. Mzee akanyamaza, mi nikanyamaza, tukacheka.

Nyumbani ikawa hivi. Kwanza inateleza, ukijifunga kiunoni hatua tatu imelegea, utaishika kwa mkono mmoja siku nzima kama umebeba siri. Jasho hainywi, linakaa juu kama maji kwenye jani la myugwa. Kubeba mtoto nayo msijaribu, nasema kweli kabisa, fundo linaachia. Ukitoka kuoga inasukuma maji tu huku na huku. Lakini hayo ni ya kitambaa, mi nilisema naangalia mchoro, na mchoro nao umeniangusha. Yale mawaridi ni mazuri yakiwa yametandazwa, ila ni picha ya kutazamwa mbele kwa mbele, ukiifunga waridi linakatika kiunoni nusu liko ndani, kile kivuli kilichofanya lionekane limejaa sasa kinaonekana doa, na pindo ni ukanda mwembamba wa dhahabu hauna nguvu ya kushika kitu. Rangi ziko nyingi hazihesabiki na hakuna inayomsikiliza mwenzake. Kisutu kwa rangi tatu imemshinda huyu. Sisemi poliesta isitengenezwe, kwenye pazia ingependeza, na mtu anayetaka ya kutupia begani kwenye sherehe mara moja kwa mwaka atafurahi nayo. Ila kanga uzuri wake unatoka kwenye kutumika, ukiniletea isiyotumika umeniletea kadi ya harusi.

Maana jamani hebu fikirini hiki kitu kinafanya nini ndani ya nyumba. Kinaenda kisimani na msibani, kinafunika mgonjwa, kinakuwa pazia la mlango na mwanga wa asubuhi unapita unachora sakafu, kinakuwa kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, kinatandikwa mtoto alale. Kikichakaa kinakatwa nepi, kikichakaa zaidi kinakuwa dekio, na hata kwenye dekio ukiangalia bado unaona nusu ya pindo. Pamba nzuri inavyozidi kufuliwa ndo inavyozidi, mpya ina wanga imekakamaa kama bahasha, ile ya miaka mitano rangi zimeshuka zimesogeleana, nyekundu imekuwa ya matofali, nyeusi imekuwa ya moshi, na inakuangukia mwilini yenyewe. Kuna mama zetu wana kanga ambazo hawavai mbele za watu tena ila usiku wanazitafuta hizohizo.

Halafu siku hizi kuna hili la kuzikata foronya za makochi na kuziweka kwenye fremu. Fremu sina ugomvi nayo, hata British Museum kule London wanazo kanga kwenye mkusanyiko wao, ila ukitundika usitundike panapopigwa jua, miezi sita imepauka, na tafadhali weka upande mzima usikunje pindo nyuma, umekata mguu wa picha. Foronya ndo zinaniuma kidogo, unakuta mtu kachukua mji peke yake katupa pindo. Gauni linategemea fundi, fundi mwenye akili anaweka pindo chini kwenye upindo wa gauni na kiunoni, na mji anaugawa kifuani na mgongoni, inatoka nguo yenye heshima. Asiye na akili anakata tu kama kitenge, unamkuta dada wa watu ana neno SIKATI kwapani.

Fundi wa kupinda wapo nje hapohapo na cherehani zao, miatano upande mmoja, dakika chache. Mwambie akate kwenye ule uwazi mweupe katikati ya kanga mbili na asimame upande mmoja asile pindo, na afuate mchoro asifuate uzi, maana kitambaa mara nyingi hakijachapwa sawa na uzi wake, akifuata uzi pindo linakuwa nene huku jembamba kule. Kuna mmoja mahali pengine aliwahi kunilia pindo la kanga ya mama sentimita mbili nzima upande mmoja, tangu siku hiyo huwa nasimama palepale nimeangalia sindano. Kufua mara ya kwanza ifue peke yake, maji ya baridi, hasa kisutu, nyekundu yake inatoka kidogo halafu inatulia. Anika kivulini kwa ndani-nje.

Wale wa Zanzibar mtaniambia Darajani ndo kwenyewe, na kweli kule uchaguzi wa dizaini za zamani ni mkubwa na wauzaji wanajua kutandaza. Shangazi yangu aliyeko Muscat naye akija likizo ananunua kulekule anaondoka na begi zima, anasema huko wanazigombania. Ila kwa mtu wa Dar Uhuru inatosha, na kwa bei sidhani utapata tofauti ya kulipia boti.

Upungufu wa duka: hakuna pa kukaa hata stuli moja, ukiwa na mtu mzima umeenda naye atachoka. Saa tano kwenda mbele wateja wa jumla wanaingia na mabegi yao, mzee anawahudumia wao kwanza, ni haki yake ila wewe wa doti moja utasimama. Kulipa kwa simu wanapokea lakini ujumbe unachelewa kuingia na hawakuachii mzigo mpaka usome, kwahiyo beba keshi. Na zile za zamani nzuri hazijapangwa mbele, mbele zimekaa zambarau na mawaridi, za pamba zenye mchoro wa maana ziko rafu ya juu nyuma, lazima uombe. Sema "mzee naomba za mji mkubwa, za zamani zilizorudiwa", atapanda ngazi mwenyewe.

Nyota nne kwa duka. Kisutu tano, korosho tano, mananasi nne na nishasema kwanini. Ya zambarau mbili, ipo kwenye mfuko wake bado, haijakatwa wala kuingia maji zaidi ya lile jaribio la siku ya kwanza, anayeitaka ya pazia aje na elfu sita aichukue.